Mpira mpya wa bolingi haufanyi ulivyotarajia? Soma dalili kabla ya kuulaumu

Mpira mpya wa bolingi huhukumiwa haraka mno. Mtu analipa, fundi anatoboa, anacheza michezo miwili, pini ya 10, ile ya kona ya nyuma kulia, inabaki imesimama kila mara, na uamuzi unatoka hapo hapo: mpira huu haufai. Mwingine anapata straiki (pini zote kumi kwa mtupo mmoja) tano mfululizo usiku wa kwanza, anausifia kwa kila mtu, kisha baada ya miezi miwili anauliza ule ukali umekwenda wapi. Hukumu zote mbili zimeegemea pini zilizoanguka, na pini ni shahidi dhaifu. Mpira mzuri huacha pini, na mpira usiofaa hupata straiki ya bahati. Ushahidi wa kuaminika uko sehemu mbili: mwendo wa mpira katika futi 15 za mwisho, na pete za mafuta, yaani alama za mviringo ambazo mpira hurudi nazo kutoka kwenye mashine.

Naandika kwa ajili ya wasomaji wenzangu waliojiunga na ligi huko Marekani au Kanada, wanaocheza Ghuba, au walioanza Nairobi na mipira ya kuazima ya ukumbini na sasa wamenunua wa kwanza wa kwao. Namba za mbao na pini ni za mchezaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze upande.

Kwanza ujue unachokitazama

Njia ya bolingi ina urefu wa futi 60 (mita 18.29) kutoka mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka unapotupa, hadi pini ya mbele, na upana wa mbao 39. Sehemu kubwa ya mwanzo hupakwa mafuta. Kwenye kumbi za kawaida mafuta huishia karibu futi 38 hadi 42, yakiwa mengi katikati na machache pembezoni. Mpira uliotupwa vizuri hupitia hatua tatu: huteleza juu ya mafuta, hukata kona unapokutana na pakavu, kisha hubiringika kuingia poketi, pale kati ya pini ya 1 na ya 3. Vipimo vya USBC, chombo kinachosimamia mchezo huu Marekani, vilionyesha kwamba straiki hupatikana kwa urahisi zaidi mpira ukigonga kwenye ubao wa 17.5 kutoka kulia kwa pembe ya takribani digrii 6. Pembe hiyo ndiyo unayoinunua unaponunua mpira wa kisasa.

Pembe hiyo hutokana na mzunguko wa ubavu ambao vidole vyako huupa mpira unapouachia. Huo mzunguko ni akiba. Mafuta huilinda, na pakavu huitumia. Akiba ikiisha, mpira unabiringika kwenda mbele tu na haupindi tena. Karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa linahusu akiba hiyo kutumika mapema mno, kuchelewa mno, au kutokuwepo tangu mwanzo.

Kabla ya kuchunguza lolote, futa mpira, bandika kipande cha tepu nyeupe juu yake, na mwombe mwenzako akurekodi kwa simu akiwa nyuma yako. Lenga mshale wa pili kutoka kulia kati ya ile iliyochorwa kwenye njia, yaani ubao wa 10, kwenye njia ambayo haijachezewa sana. Mitupo michache iliyotoka safi mkononi inakutosha. Ile uliyoivuruga mwenyewe usiihesabu kwa wema wala kwa ubaya.

Mpira hauonekani kukata kona

Malalamiko mengi huanzia hapa, na hapa ndipo watu huharibu mipira mizuri. Mpira usiopinda unaweza kuwa na ugonjwa mmoja kati ya miwili inayopingana, na yote miwili huja na homa ile ile. Katika wa kwanza, mpira haukuwahi kuishika sakafu: umeteleza hadi kwenye pini ukiwa na akiba yake yote. Katika wa pili, uliishika mapema mno, akiba ikaisha njiani, na ukafika kwenye pini ukienda moja kwa moja. Mchezaji aliyesimama kwenye mstari wa faulo anaona kitu kimoja tu: haukukata. Anakimbilia msasa ili mpira ushike zaidi. Kama ugonjwa ulikuwa wa pili, ameuzidisha.

Kutofautisha si kazi ngumu ukiwa na video. Tazama ile tepu nyeupe mpira unapokaribia pini. Ikiwa bado inazunguka kwa ubavu, mpira unateleza. Ikiwa tayari inapinduka kwenda mbele kama tairi, na ilianza hivyo kabla mpira haujafika mbali, akiba imekwisha.

Pini nazo, ukizisoma pamoja na video, husaidia. Mpira unaoteleza huifikia pini ya 1 kwa wembamba: huacha pini ya 2, pini ya 5, au lile kundi la 2-4-5-8. Mpira uliochoka huingia poketi vizuri machoni, kisha hupotoshwa na pini badala ya kuzipasua, na unakuachia pini ya 10 au, siku mbaya, 8 na 10 kwa pamoja. Hata pini ya 10 ina lugha mbili. Ikibaki huku pini ya 6 ikiruka kwa kasi na kuizunguka shingoni, umekosa kwa kiasi kidogo tu na mpira hauna hatia. Ikibaki huku pini ya 6 imejilaza taratibu kwenye mtaro, mpira umefika bila nguvu. Anayeacha pini ya 10 ya namna hiyo tena na tena hapaswi kusema hana bahati.

Sasa, kama mpira *unateleza*, anza na mwendo wako. Mchezaji wa kasi kubwa na mizunguko michache hufanya mpira wowote uonekane mvivu. Wastani wa ligi ni mpira kutoka mkononi kwa takribani maili 16 hadi 18 kwa saa, na mizunguko kati ya 250 na 350 kwa dakika. Mizunguko unaweza kuihesabu kwa ile ile simu: rekodi kwa fremu 240 kwa sekunde, hesabu fremu ambazo tepu inachukua kukamilisha mzunguko mmoja mara mpira unapotoka mkononi. Fremu 48 ni mizunguko 300 kwa dakika. Fremu 72 ni mizunguko 200, na mwenye 200 akiwa anatupa kwa kasi kubwa alihitaji mpira wenye gamba (tabaka la nje) kavu zaidi, lisilong'aa, tangu dukani. Picha za matangazo huonyesha mpira ukipinda mikononi mwa wachezaji wa kulipwa wenye mizunguko 400 na zaidi. Watupaji wa mikono miwili wa kiwango cha Jason Belmonte hufika hata 500. Kuutarajia upinde ule ule kwa mizunguko 200 ni kuudai mpira deni usilokopesha.

Baada ya mwendo, tazama mafuta. Uliza wahudumu wa ukumbi urefu wa mpako. Kuna kanuni nyepesi: toa 31 kwenye urefu wa mafuta, na jibu ni ubao ambao mpira unapaswa kuwa juu yake unapotoka kwenye mafuta. Mafuta ya futi 42 yanakuelekeza ubao wa 11. Ya futi 36, ubao wa 5. Ukiupeleka mpira ubao wa 5 kwenye mpako mrefu, hautarudi, na hata ungekuwa mpira wa bei ya juu kabisa usingerudi.

Hapo tu ndipo ufike kwenye gamba. Kama mpira ni wa kung'aa uliotoka kiwandani na polishi, na mwendo na mafuta umeyaondoa kwenye orodha ya washukiwa, mpe fundi auondoe mng'ao kwa msasa wa maji namba 2000 au 3000, kisha ujaribu tena. Usirukie namba 500. Kukwangua ni rahisi, lakini kila hatua ibadilishe jambo moja ili ujue kilichosaidia.

Kama mpira *umechoka*, tiba ni kinyume: msasa laini zaidi, 4000, au polishi. Kabla ya kugusa gamba, sogea kushoto mbao chache na upitie kwenye mafuta mengi zaidi. Mara nyingi mpira "mbovu" hupona papo hapo, kwa sababu njia ilikuwa imekaushwa na wachezaji wanne waliopita pale pale tangu mchezo wa kwanza.

Ulikuwa mkali wiki za mwanzo, sasa umepoa

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowafanya watu wanunue mpira mwingine bila haja. Yapo mambo mawili tofauti, na yote ni ya kawaida.

La kwanza ni uso kulainika. Mpira uliotoka kiwandani ukiwa umekwanguliwa kwa msasa namba 500 au 1000 haubaki hivyo. Sakafu, mashine ya kurudisha na msuguano huuparuza na kuusawazisha, na ndani ya michezo michache tu eneo linalogusa njia limeshalainika. Ajabu ni kwamba mpira wa polishi nao huenda upande wa pili: hupoteza mng'ao palipo na njia yake na kuwa mkavu zaidi. Kwa hiyo mtu mmoja analalamika wa kwake umepoa, na jirani yake analalamika wa kwake umekuwa mkali kupita kiasi, na wote wawili wanasema kweli. Pitisha kidole kutoka ubavuni kuingia kwenye eneo la pete, utaisikia tofauti. Kurudishiwa uso wa kiwandani kwa fundi ni kazi ya dakika chache, na kwa mchezaji wa ligi ya kila wiki nashauri ifanyike mara kadhaa kwa msimu.

La pili ni mafuta kuingia ndani. Magamba ya riaktivu, yaani ya resini ya kisasa, yaliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990, yana vinyweleo vidogo vinavyofyonza mafuta ya njia. Hicho ndicho kinachoyafanya yashike. Yakishiba, hayashiki tena. Dalili zake: mpira umerudishiwa uso wake na bado hauamki, ukiuacha sehemu yenye joto unatoa unyevu wa mafuta, rangi kwenye eneo la pete imekuwa nzito kuliko kwingine. Tiba ni maji ya moto ya nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi, matundu yakiwa yamezibwa kwa tepu isiyopitisha maji, dakika 20, ukifuta kila yanapojitokeza mafuta juu yake, na kurudia mpaka yasitoke. Usizidishe joto, na oveni usiikaribie kabisa.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba: futa kwa taulo la maikrofaiba kabla ya kila mtupo, na mara tu unapomaliza kucheza, mpira ukiwa bado una joto, usafishe kwa dawa ya mipira au alkoholi ya isopropili. Asetoni iache, hasa kwenye mpira wa plastiki au wa yurethani (aina nyingine ya gamba), kwa maana inaweza kula gamba lenyewe. Kwenye mashindano yanayofuata kanuni za USBC tumia taulo kavu tu, na msasa usiguse mpira baada ya mchezo kuanza.

Kuna sauti ya kugonga-gonga mpira ukiwa njiani

Simamisha mchezo uangalie pete za mafuta. Kama pete mojawapo inapita juu ya tundu la kidole gumba au la vidole vingine, sauti ni ya ukingo wa tundu kugonga sakafu, na kila ukingo unapogonga, mpira unapoteza mwelekeo. Inaweza kuwa mkono wako unapita juu ya mpira wakati wa kuachia, au fundi hakupima mhimili wako, yaani mstari ambao mpira huuzunguka ukitoka mkononi mwako, kabla ya kutoboa. Rudi kwake ukiwa na mpira ambao haujafutwa, pete zikionekana. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayomsaidia kama hizo pete.

Hizo pete zinasema zaidi ya hapo. Zikiwa zimetawanyika, kila moja na nafasi yake, kiini (uzito uliofichwa ndani ya mpira) kinafanya kazi: kila mzunguko unapeleka sehemu safi ya gamba kwenye sakafu. Zikiwa zimelaliana mahali pamoja, mpira unakanyaga mafuta yake mwenyewe. Kwa mpira wa yurethani au wa plastiki hilo ni jambo la kawaida. Kwa mpira wa riaktivu ulioambiwa una kiini kikali, ni swali la kumuuliza aliyetoboa.

Mpira mmoja, kila mtupo na njia yake

Hapa shuku mkono kabla ya kingine chochote, na kwenye mkono shuku tundu la kidole gumba. Tundu likiwa kubwa, unalikaba bila kujua; gumba linachelewa, vidole vinakosa nafasi ya kuuzungusha mpira, na mtupo huu unateleza huku unaofuata unapinda. Likiwa dogo, gumba linanasa na mpira unarushwa hewani ukitua kwa kishindo. Mkono huvimba kadiri unavyocheza na hunywea kwenye ukumbi wa baridi, ndiyo maana wachezaji wazoefu huwa na tepu za kubandika ndani ya tundu na huongeza au kutoa kipande kimoja kimoja usiku kucha. Sugu kwenye kiungo cha gumba, au maumivu kwenye shina lake, yanaonyesha umbali kati ya matundu hauko sawa. Usivumilie ukidhani mkono utazoea. Mkono unaumia, na hakuna mpira utakaouelewa ukiwa na maumivu.

Kama umezoea mpira wa ukumbini unaoingiza vidole hadi kiungo cha pili, na mpya umetobolewa kwa ncha za vidole tu, jipe muda. Ni ushikaji mwingine kabisa.

Kuhusu sura yake

Rangi haina kazi yoyote kwenye mwendo. Nalisema wazi kwa sababu wengi wanaamini mweusi ni mkali na wa bluu ni mpole. Kinachohusika ni aina ya gamba na uso wake. Gamba la lulu, lile lenye vumbi la kumetameta ndani, kwa kawaida huteleza mbali zaidi na kukata kwa ghafla. Gamba solidi, lisilo na lulu, hushika mapema na kupinda taratibu. Kwa hiyo mng'ao ni habari muhimu, rangi ni ya kufurahisha macho.

Rangi haifanani na ya picha? Rangi humwagwa zikiwa za majimaji na hujichanganya zenyewe, hivyo mipira miwili ya jina moja haitoki sawa. Pia picha nyingi za matangazo huchorwa kwa kompyuta. Hiyo si kasoro ya kurudishia mzigo. Vidoti vidogo vya rangi tofauti navyo si kasoro: kimoja huonyesha kilele cha kiini kilipo, kingine alama ya uzito, na fundi huvitumia kupanga matundu.

Mikwaruzo midogo kwenye eneo la pete itatokea tangu siku ya kwanza. Shimo au mkato unaoshika ukucha ni jambo jingine: angalia kama unarudi ukiwa na alama hiyo hiyo kila unapotumia njia fulani, kisha umweleze msimamizi wa ukumbi, kwa sababu mashine yake huenda ina chuma kilichojitokeza.

Ufa ndio wa kuogopa. Mwembamba kati ya matundu mawili ya vidole mara nyingi hauathiri sana na fundi anaweza kuufuatilia. Ufa mrefu unaozunguka gamba ni mwisho wa mpira. Chanzo kikubwa ni mabadiliko ya joto, maana gamba na kiini havitanuki kwa kiasi kimoja. Ndugu zetu walio Doha, Dubai au Maskati wasiuache mpira kwenye buti la gari mchana wa Julai hata kwa saa chache. Walio Minnesota wasiuache humo usiku wa Januari. Anayeusafirisha kwa ndege kwenda Nairobi, akiisha kutoa kilo zake 6 au 7 kwenye mzigo, auache ndani ya mkoba mpaka ulingane na joto la chumba ndipo autumie.

Ukishamaliza yote hayo na bado

Basi mshukiwa ni mpangilio wa matundu, na mpira wenyewe unakuja nyuma yake. Umbali kutoka kidoti cha kiini hadi ncha ya mhimili wako ndio unaoamua pete zitatawanyika kiasi gani: karibu inchi 3⅜ zinatawanyika kwa wingi, na kadiri umbali unavyozidi au kupungua kutoka hapo zinapungua. Zamani fundi angerekebisha kwa kutoboa tundu la ziada la mizani, lakini tangu tarehe 1 Agosti 2020 USBC hairuhusu tundu lisilotumika kushikia. Kilichobaki ni kuziba matundu na kutoboa upya, kazi ya kawaida inayogharimu sehemu ndogo ya bei ya mpira mpya.

Usikubali ushauri wa kuulainisha mpira kwa kemikali. Mwaka 1973 Don McCune alishinda mashindano sita ya kulipwa kwa mipira aliyoiloweka kwenye kiyeyushi ili gamba lilainike, na kufuatia hapo vikawekwa viwango vya ugumu. Leo mpira wenye ugumu chini ya 72 kwenye kipimo cha duromita D hauruhusiwi, na mvuke wa viyeyushi hivyo ni hatari kwa mapafu na kwa moto.

Ukienda kwa fundi, beba mpira ukiwa na mafuta yake, video ya mitupo mitatu au minne, na jina la ukumbi unaocheza pamoja na urefu wa mafuta yake. Kama mpira una ufa na bado uko ndani ya muda wa dhamana, usiuzibe wala kuukwangua kwanza. Upige picha ikionyesha namba iliyochorwa juu yake, na utafute risiti.